UZI: Theluthi moja ya Cessna ya mwaka 1975, Mwanza. Hela ilivyoliwa na injini iliyokaa

Bawa Juu

Wakuu, mwangaluka.

Juzi kwenye uzi wa Land Rover za zamani niliponyokwa nikasema ninamiliki theluthi moja ya ndege. PM zikajaa. Wengine wanadhani natania, mmoja kaniomba lifti ya Chato. Naweka kila kitu hapa nipumzike.

Ndege ni Cessna 172M ya mwaka 1975. Viti vinne, bawa juu, injini Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 150. Imenizidi umri. Tuko watatu: mimi, shemeji yangu mfanyabiashara wa dagaa, na daktari mmoja tuliyesoma naye sekondari. Tuliinunua kwa mzee aliyekuwa akiirusha kwenda Musoma na Seronera kwenye shughuli zake. Macho yakamgomea, cheti cha afya cha rubani akanyimwa, ndege ikabaki nje uwanjani, imefunikwa turubai, miezi kumi na minne.

Hiyo miezi kumi na minne ikumbukeni. Ndiyo iliyotula.

Siku ya kuiangalia rangi inang'aa, viti vimeshonwa upya, redio zinaongea. Injini ilikuwa na saa 1,100 tangu isukwe upya, na mtengenezaji anasema isukwe tena ikifika 2,000. Tukapiga hesabu za kitoto: tunazo saa 900 mkononi. Waraka huohuo wa mtengenezaji unasema saa 2,000 au miaka 12, kitakachotangulia. Logibuku, daftari la historia ya ndege, ilikuwa mezani, tarehe ya kusukwa imeandikwa kwa wino wa bluu. Injini ilikuwa na miaka kumi na tisa tangu isukwe. Tuliiona wote watatu na hakuna aliyetoa hesabu.

Nakula kwanza, narudi.

Sato Mkaango

Nimeweka kiti. Kumbe kuna watu humu mna ndege halafu mnatuchangisha harusi.

Mtoto wa Kirumba

Mkuu picha. Hata ya tairi tu.

Bawa Juu

Picha zitakuja, shemeji hataki namba za ubavuni zionekane.

Tuendelee. Tuliruka saa kama thelathini bila shida. Ikafika siku ya kubadilisha oili. Injinia wetu ana leseni, anatoka Arusha, nauli na malazi juu yetu. Akafungua filta, akalikata lile kopo kwa kikatio chake, akaikunjua karatasi ya ndani yenye mikunjo, akaisukasuka kwenye petroli ndani ya beseni jeupe. Beseni tuliazima kwa mama ntilie. Akapitisha sumaku chini ya maji yale ya rangi ya chai.

Sumaku ikatoka na ndevu.

Vipande vyembamba, vinang'aa, kama magamba ya dagaa. Fundi hakusema kitu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena na kuangalia mara ya pili. Mimi si fundi, lakini mtu akifuta miwani namna ile ujue bili inakuja.

Kwa wasiojua: kwenye hizi Lycoming kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, imekaa juu ya kranki. Haikai ndani ya oili, inarushiwa tu matone injini ikizunguka. Injini ikilala, oili yote inateremka chini kwenye sampu na kamshafti inabaki uchi. Hewa yetu hii ya ziwani ina unyevu mwaka mzima. Kutu inaanza kama vidoa vya kalamu. Siku ukiwasha, tapeti zinasugua vile vidoa mpaka ngozi ya chuma inabanduka, na magamba yanaingia kwenye oili.

Tukang'oa silinda moja tuchungulie. Pua moja ya kamshafti ilikuwa imechimbika kama jino bovu.

Injini ikashushwa, ikapakiwa kwenye kreti la mbao, ikaenda Nairobi, uwanja wa ndege wa Wilson. Kufumua na kusuka upya, ukiweka usafiri, vifaa na kodi, ilivuka dola 30,000. Shemeji aliuza Fuso. Dada yangu hakuongea nami mpaka Pasaka.

Ngosha wa Buswelu

Dola elfu thelathini injini ya farasi 150?! IST ya mke wangu ina farasi zaidi ya mia na injini nzima nimeinunua Nyakato milioni na ushee. Si mfunge ya Toyota?

Bawa Juu

Ngosha, ukifunga injini ya Toyota hiyo siyo tena Cessna 172. Cheti cha ustahiki wa kuruka kimetolewa kwa ndege yenye injini iliyoandikwa kwenye karatasi zake. Ukitaka nyingine lazima iwe na kibali cha nyongeza kwa aina hiyo ya ndege, na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakubali kabla hujashika spana. Bima nayo inasoma karatasi hizohizo.

Na kuhusu Nyakato, ngoja nitubu. Kuna kijana alikuwa anatusaidia kuosha ndege. Mchapakazi, ana akili. Akaona breki ya kushoto inaingia ndani, akafungua kichupa, kikavu. Akaenda duka la spea za magari, akarudi na mafuta ya breki ya gari, DOT 3, akajaza mpaka kwenye alama, akafurahi. Nami nikamshukuru.

Mafuta ya breki za hii Cessna ni mekundu, ni ya asili ya petroli, na mpira wa oringi zake umetengenezwa kwa ajili ya hayo. Ya gari ni kitu kingine kabisa. Baada ya wiki mbili oringi zikavimba kama maandazi, breki ikawa inashika na haiachii. Nimetua, naiacha ndege ikimbie itulie, naona inanivuta kushoto kuelekea kwenye nyasi. Ilinivuta mita kumi hivi. Abiria wangu alikuwa mama mkwe. Tukasafisha mfumo mzima na kubadilisha kila mpira. Chupa ile ya DOT 3 bado ninayo kwenye banda, nimeitundika kwa waya.

Mzee wa Magu

Nimesoma kimya tangu jana. Nimegusa hizi ndege tangu enzi zikiwa mpya. Nina swali moja kwa mwenye uzi: hiyo miezi kumi na minne, kuna mtu alikuwa anaiwasha?

Bawa Juu

Shikamoo mzee. Ndiyo, mlinzi aliachiwa ufunguo. Kila Jumamosi anaiwasha dakika kumi "ichangamke". Tena tuliponunua mzee alitusifia hilo.

Mzee wa Magu

Marahaba. Basi hicho ndicho kilichoiua. Bora asingeigusa.

Petroli ikiungua inatoa maji, mvuke. Sehemu ya mvuke huo inapita kwenye ringi na kuingia chini kwenye oili. Ili maji hayo yatoke oili lazima ipate moto, nyuzi 80 kwenda juu, na ikae hapo muda. Chini pale kwa dakika kumi huifikishi. Unapasha silinda, unaingiza maji, unazima, yanapoa juu ya kamshafti. Kila Jumamosi. Mlinzi alikuwa anaimwagia maji bila kujua, masikini.

Ruka nusu saa, ikiwezekana saa nzima, kila wiki au wiki mbili. Huwezi? Basi ilaze kwa heshima: oili ya kuhifadhia, ziba njia ya hewa na ya moshi, toa plagi za juu na uweke zile plagi za plastiki zenye chembe za bluu ndani. Chembe zikigeuka rangi ya waridi zimeshiba unyevu, badilisha. Propela usiizungushe kwa mkono "kulainisha", unafuta tu kile kidogo cha oili kilichobaki. Na funga utepe mwekundu mtu asisahau kutoa vizibo.

Mtoto wa Kirumba

Mzee wa Magu hapo kwenye mlinzi nimecheka halafu nikanyamaza. Nina jenereta nafanya hivyohivyo.

Dada Nansio

Mimi naomba kuuliza kitu cha kawaida. Kitu gani kwenye ndege ya zamani kinaweza kuua mtu na kinarekebishwa kwa hela ndogo? Maana injini kila mtu anaiogopa.

Bawa Juu

Swali zuri dada. Kiti.

Sitanii. Kiti cha rubani kinatembea juu ya reli zenye matundu na kufungwa kwa pini. Miaka hamsini ya watu kukisogeza, matundu yanalika, yanakuwa mayai badala ya duara. Unakaza injini kuruka, pua inainuka, pini inachomoka, kiti kinarudi nyuma na wewe ndani yake. Mkono umeshika usukani, kwa hiyo unauvuta nao. Pua inapanda zaidi, miguu haifiki kwenye pedeli. Watu wamekufa hivyo, ndiyo maana kuna agizo la usalama la FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kwa ajili ya reli hizi tu, namba 2011-10-09: kila saa 100 au miezi 12 unapima matundu, pini na rola. Zetu matundu mawili yalizidi kipimo. Reli mpya, pini mpya, na mkanda wa akiba unaokamata kiti kikiteleza. Ukilinganisha na injini ni hela ya soda. Na tangu hapo kabla ya kuruka nasukuma kiti kwa makalio mbele nyuma, abiria wananishangaa.

La pili ni maji kwenye tenki. Vifuniko vya 172 za umri huu vimelala sawa na bawa, mpira wake ukikauka, mvua yetu ya Machi na Aprili inaingia moja kwa moja. Asubuhi nachukua kikombe cha plastiki cheupe chenye sindano, nakandamiza chini ya bawa, nachota. Avgas, petroli ya ndege, ni ya bluu. Maji yanakaa chini kabisa, tone moja linazunguka kama ushanga. Siku moja nilichota kikombe kizima cheupe, nikadhani ni mafuta yamepauka. Yalikuwa maji matupu. Angalia rangi, nusa, sugua kwenye vidole. Tukanunua vifuniko vya kuvimba juu kama mwavuli, tatizo likaisha.

Sato Mkaango

Sasa Avgas yenyewe Mwanza mnaipata wapi? Sheli ya Igoma? 😂

Bawa Juu

Mapipa, mkuu. Tunaagiza, linakuja lita 200, tunachuja. Likichelewa tunakaa chini. Ndipo mjadala wetu mkubwa ulipoanza.

Injini yetu ina mgandamizo mdogo, 7 kwa 1. Ziko karatasi za kibali, Marekani wamekuwa nazo tangu miaka ya 1980, zinazoruhusu injini ya namna hii kutumia petroli ya gari, mradi haina alikoholi. Kupima ni rahisi: mrija wa kioo, maji kidogo, weka alama, jaza petroli, tikisa, acha itulie. "Maji" yakionekana yameongezeka, kuna alikoholi, usitie. Na petroli ya gari inachemka mapema, siku ya joto unaweza kupata mvuke kwenye bomba. Mimi natumia Avgas, lakini nilitaka mlango ubaki wazi.

Shemeji yeye anataka nguvu. Na ana hoja. Uwanja wetu uko karibu futi 3,760 juu ya bahari. Saa 8 mchana, nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kama uko futi 6,400 hivi. Hapo farasi 150 wa kwenye karatasi wamebaki kama 120. Barabara yetu ni ndefu, ya madege makubwa, hutaona shida. Nenda kiwanja cha nyasi na watu wanne ndipo utajua. Kwa hiyo akasema: injini iko wazi tayari, tuweke piston za mgandamizo mkubwa, tupate farasi 160.

Ngosha wa Buswelu

Shemeji yuko sahihi. Mimi ningeweka 180 kabisa.

Mzee wa Magu

Ngosha, 180 ni injini nyingine, propela nyingine, na uzito mwingine puani. Kwa fedha hiyo nunua ndege nyingine.

Na 160 kwa piston, ndiyo, inapatikana, lakini umefunga mlango wa petroli ya kawaida. Ukikosa pipa, umekosa. Mimi ningeuliza kwanza: propela yenu ni ya kupandia au ya mwendo?

Bawa Juu

Mzee, ungekuwepo kwenye kikao kile tungeokoa mwezi mzima wa ugomvi. Ndicho tulichofanya mwishoni. Piston tukaacha za zamani, propela tukaipeleka kupunguzwa mkao wa mabapa, ndani ya kipimo kinachoruhusiwa kwa ndege hii. Inapanda vizuri zaidi, kwenye safari tumepoteza mwendo wa noti tano hivi, yaani maili tano za baharini kwa saa. Bukoba ni kama saa moja, ukichelewa dakika tatu nani anakudai?

Shemeji bado ananuna.

Mhasibu_255

Na dashibodi? Nimeona video za ndege za zamani zimefungwa skrini tupu, zinapendeza.

Bawa Juu

Hapo ni eneo la daktari. Alitaka skrini mwanzo wa dashibodi mpaka mwisho wake. Tukamwambia aanze kwa kulala chali chini ya usukani na tochi aangalie nyuma ya vyombo. Alitoka na vumbi usoni na neno moja: "Utumbo."

Kila mwenye ndege tangu 1975 aliongeza redio yake na kuacha nyaya za redio iliyotangulia. Nyingine zimekatwa tu na kufungwa utepe. Tuliondoa ADF iliyokufa (chombo cha zamani cha kutafutia mwelekeo kwa redio), antena yake, na nyaya zisizoenda popote. Mzigo ulipimwa kwenye mizani ya dagaa ya shemeji: kilo sita na nusu. Ndege ikapimwa uzito upya, karatasi zikarekebishwa.

Kilichokuwa na haja ya kweli ni pampu ya vakyumu. Inazungusha jairo, magurudumu ya ndani ya vyombo vya upeo na mwelekeo, ndani ina vibapa vya kaboni, na ikifa haikuagi, inakatika tu. Juu ya ziwa alfajiri, ukungu umekutana na maji na huoni mstari wa upeo, hutaki ikatike hapo. Tukaweka Garmin G5 mbili, viskrini vidogo vya umeme vya kazi hiyohiyo, zina betri yake ya akiba, pampu ikatolewa. Skrini kubwa daktari atanunua na mke wake.

Kingine ni redio ya kuita msaada ndege ikianguka. Ya zamani ilikuwa ya masafa ya megahetsi 121.5 tu. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009! Yaani mzee wa watu alizunguka na kile kisanduku cha chungwa miaka yote hiyo akijiona yuko salama. Sasa tuna ya 406. Na maboya ya kuvaa kiunoni, manne, tunavaa kabla ya kuwasha. Kuyatafuta chini ya kiti ndege ikiwa majini ni hadithi.

Dada Nansio

Na wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kama moshi?

Bawa Juu

Wanakera kuliko kuua. Ukipita kwenye wingu lao kioo kinakuwa uji, na filta ya hewa inaziba. Nazunguka, sipiti katikati. Adui mkubwa ni nyigu wa matope. Siku tatu tu zinamtosha kujenga ndani ya mrija wa kupimia mwendo au tundu la hewa la tenki. Tundu la tenki likiziba, mafuta hayashuki, injini inazima na tenki limejaa. Kifuniko cha mrija kina utepe mwekundu mrefu unaopiga usoni, huwezi kuusahau. Tundu la tenki nalipuliza kila asubuhi.

Korongo marabu nao wanasimama juu ya bawa. Kinyesi chao kinakula rangi. Baada ya rangi, bati linatoa unga mweupe, hiyo ndiyo kutu ya alumini. Tunakwangua, tunapaka praima, tunafuta. Kila mwezi. Sina la kuongeza hapo, ni kazi ya ovyo.

Mhasibu_255

Niruhusuni nipige hesabu. Injini dola 30,000 gawa kwa saa 2,000 ni dola 15 kwa saa. Si mbaya.

Lakini mwenye uzi, mnaruka saa ngapi kwa mwaka?

Bawa Juu

Kama 60.

Mhasibu_255

Sitini mara miaka 12 ni 720. Elfu thelathini gawa kwa 720 ni karibu dola 42 kwa saa, injini peke yake. Mkiruka saa 120 kwa mwaka inashuka mpaka 21. Yaani kukaa chini mnalipa mara mbili: kwa kutu na kwa hesabu.

Ngosha wa Buswelu

Shemeji aongeze safari za dagaa 😂

Bawa Juu

Mhasibu wabeja. Nimei-forward kwenye grupu letu, daktari kajibu kwa emoji ya kulia. Kafungua kalenda, kila mmoja kapewa wiki yake, na asiyeruka kwenye zamu yake anatozwa elfu hamsini ya mfuko wa injini. Shemeji ameshadaiwa mbili.

Jumamosi hii saa 2 asubuhi tunabadilisha oili, saa 50 za kwanza tangu injini irudi kutoka Nairobi. Sato, Mtoto wa Kirumba, mnaotaka kuona filta ikikatwa karibuni, nitawaandikisha getini, mje na vitambulisho. Na mmoja wenu aje na beseni jeupe. La mama ntilie tulilirudisha likinuka petroli, hatuazimwi tena.

Mtoto wa Kirumba

Beseni ninalo. Na picha nitapiga mwenyewe.